Kansa kwa watoto: Ufini wanaambiwa 95, sisi tunaambiwa 8. Tuzisome hizi namba kabla hatujakata tamaa

Mwalimu wa Hesabu

Wakuu habari za jioni, hasa wazazi.

Kuna picha inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dar. Ina safu mbili za rangi: Amerika Kaskazini 83, Afrika Mashariki 8. Juu wameandika kwamba hao ndio watoto wanaopona kansa katika kila mia. Chini yake mtu kaongeza maneno yake: "Bongo mtoto akikutwa na kansa, andaa sanda." Ilifika mpaka kwenye grupu la wazazi wa darasa langu, na mle ndani namfahamu mama ambaye mwanawe yuko katikati ya kemo. Hakujibu kitu. Alijitoa kwenye grupu.

Naandika kwa sababu namba zile hazikubuniwa, lakini maneno yale ya chini ni hatari. Mzazi akiyaamini hatampeleka mtoto, na akishampeleka hatamalizia dawa. Mimi si daktari, nafundisha hesabu sekondari huku Temeke. Ila familia yetu imepita wodini, na tangu hapo nimekuwa nikifuatilia jambo hili.

Tuanze na hiyo 8. Ilichapishwa mwaka 2019 kwenye jarida la Lancet Oncology. Watafiti walikadiria kwamba duniani kote, katika watoto 100 wanaopata kansa, 37 ndio wanaokuwa hai baada ya miaka 5. Amerika Kaskazini ni 83, na Afrika Mashariki ni 8.1. Hiyo Afrika Mashariki ni ya ramani ya Umoja wa Mataifa, inayoshuka hadi Msumbiji na Zimbabwe, kwa hiyo usiione kama Tanzania peke yake. Na ni makadirio ya modeli ya kompyuta. Hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba akihesabu.

Jambo kubwa zaidi ni hili: ndani ya wale 100 wamo watoto ambao hakuna daktari aliyewahi kuwaambia wazazi wao neno kansa. Watafiti haohao walikadiria kwamba mwaka 2015 watoto wapatao 397,000 walipata kansa duniani, na 43 katika kila 100 hawakugundulika kabisa. Ulaya Magharibi na Amerika Kaskazini wasiogundulika walikuwa 3 tu katika 100. Afrika Magharibi walikuwa 57. Mtoto aliyezikwa Sumbawanga ikasemwa ni malaria, au ikasemwa karogwa, kama ilikuwa saratani ya damu basi yumo kwenye hesabu ile, upande wa waliokufa.

Sasa ichukue namba nyingine. Hapa Dar zamani watoto wenye kansa walikuwa wakitibiwa Ocean Road pamoja na watu wazima. Mwaka 2011 huduma yao ilihamia Muhimbili, kwa ushirikiano na shirika la Tumaini la Maisha lililoanzishwa na Dkt. Trish Scanlan, daktari wa kansa za watoto kutoka Ireland. Shirika hilo linasema wanaonusurika wametoka chini ya 20 katika 100 hadi zaidi ya nusu.

Ile 8 na hii ya zaidi ya nusu, zote zinatusema sisi. Nani anadanganya? Hakuna. Hii ya pili inahesabu watoto waliofika wodini wakaanza matibabu. Ile ya kwanza inajaribu kuwahesabu wote, hadi wale ambao hawakufika hata zahanati.

Nitatoa mfano wa kazini kwangu. Shule ikitangaza kwamba 90 katika 100 wamefaulu kidato cha nne, swali la kwanza la mzazi makini ni: kidato cha kwanza waliingia wangapi? Kama nusu waliacha njiani, kuna asilimia mbili tofauti na zote ni sahihi. Moja inakueleza ubora wa ufundishaji kwa waliobaki. Nyingine inakueleza mji mzima unawafanyia nini watoto wake.

Kwa hiyo mama ambaye mtoto wake ameshagundulika na yuko wodini, ile 8 haimhusu mwanao. Mwanao ameshavuka mlango ambao wengi wamekwama nje yake.

Karibuni tujadili. Wenye uzoefu wa wodini na wahudumu wa afya mtusaidie.

Kariakoo Kwetu

Asante kwa uzi mkuu. Swali: hiyo 95 ya Ufini uliyoweka kwenye kichwa umeitoa wapi, maana kwenye maelezo sijaiona? Na ni kansa zote au moja?

Mwalimu wa Hesabu

Swali zuri mkuu, na ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa.

Ni kansa moja: saratani ya damu aina ya limfoblastiki kali, ambayo ndiyo inayoongoza kwa watoto katika nchi tajiri. Inatoka kwenye utafiti mkubwa uitwao CONCORD-3, wa mwaka 2018, uliokusanya rejesta 322 za saratani kutoka nchi 71. Kwa watoto waliogundulika kati ya 2010 na 2014, Ufini walikuwa 95.2 katika 100 na Ekwado 49.8. Ugonjwa uleule, miaka ileile. Kwa uvimbe wa ubongo Brazili walipata 28.9, Uswidi na Denmark karibu 80.

Kwa nini ubongo una pengo kubwa hivyo? Kwa sababu unadai kila kitu kwa wakati mmoja: mashine ya kupiga picha ya kichwa, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, mtaalamu wa kusoma kinyama kilichotolewa, mashine ya mionzi, na chumba cha wagonjwa mahututi cha kumlaza mtoto baada ya hapo. Kimoja kikikosekana, vingine havina kazi.

Kwa hiyo ukiweka "kansa za watoto" zote kwenye kapu moja na kulinganisha nchi, unalinganisha pia mchanganyiko wa magonjwa. Huku kwetu Burkitt ni nyingi. Daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Mulago, Kampala: watoto wenye uvimbe wa taya unaokua kwa kasi ya kutisha. Mwaka 1961 alizunguka kwa gari nchi nyingi za Afrika, Tanganyika ikiwemo, akiuliza hospitali moja moja nani ameuona. Ikaonekana unafuata maeneo ya joto na mvua, kulekule malaria inakokaa. Mwaka 1964 Epstein na wenzake wakakiona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Watoto wa Ufini hawaugui hii kwa wingi kama wetu. Na Burkitt, ukiiwahi, ni katika kansa zinazosikia dawa upesi kuliko zote. Miaka ile ya 1960 kule Kampala wapo watoto waliopona kwa dawa moja tu.

Ukiniuliza Tanzania ina namba gani kwenye jedwali la CONCORD-3, haimo. Ili nchi iingie, haitoshi kuandika kwamba mtoto fulani aligundulika. Lazima kujua baada ya miaka 5 yuko hai au la. Rejesta za saratani tunazo Dar, Kilimanjaro na Mwanza, lakini fikiria karani anavyompigia mama aliyerudi Nachingwea miaka 5 iliyopita: laini imefungwa, simu iliuzwa, familia imehamia Ifakara. Nchi za Nordiki kila mtu ana namba yake tangu kuzaliwa, na kifo chake kinaingia kwenye mfumo. Kule hakuna anayepotea kwenye hesabu. Huku kwetu kupotea ndiyo kawaida, na asiyejulikana alipo mtu anaweza kumhesabu kuwa mzima au kuwa amekufa, kulingana na anavyotaka namba yake ionekane.

Mzee wa Kimara

Mwalimu, nakuheshimu, ila tuseme ukweli. Wenzetu wana dawa mpya za gharama, mashine, na hata miili yao iko tofauti. Sisi hata tukipambana vipi hatufiki 80. Tusiwape watu matumaini hewa.

Mwalimu wa Hesabu

Shikamoo mzee wangu. Hofu ya matumaini hewa naielewa, kwa hiyo nakujibu kwa historia ya haohao wenzetu.

Hospitali ya St. Jude ya Memphis, Marekani, ilifunguliwa mwaka 1962. Wakati ule saratani ya damu ya watoto, hiyohiyo ya Ufini 95, walikuwa wakinusurika watoto kama 4 katika 100. Marekani hiyohiyo, watoto walewale, vinasaba vilevile. Leo wanasema 94. Miili haikubadilika.

Na dawa? Nguzo za matibabu yale mpaka leo ni dawa za zamani: methotrexate, vincristine, asparaginase, mercaptopurine, prednisolone. Vincristine inatoka kwenye mmea wa Madagaska, ule wenye maua madogo ya waridi au meupe unaouona kwenye bustani nyingi hapa mjini. Kilichobadilika ni jinsi ya kuzipanga: ipi ianze, ipi ifuate, kwa dozi gani, kwa muda gani, na namna ya kumlinda mtoto asife kwa maambukizi wakati dawa zinafanya kazi. Walipanga, wakaandika matokeo ya kila mtoto, wakarekebisha, wakaandika tena, miaka na miaka.

Ukitaka mfano wa mahali pasipo tajiri, tazama Recife, kaskazini mashariki mwa Brazili. Kwa saratani ya damu hiyohiyo, watoto waliotibiwa miaka ya 1980 hadi 1989 waliomaliza miaka 5 bila ugonjwa kurudi walikuwa 32 katika 100. Waliotibiwa 1997 hadi 2002 walikuwa 63. Walianzisha kitengo cha watoto peke yao, wakafundisha manesi, wakaweka nyumba ya familia kukaa, wakalipa nauli na chakula. Watoto walioacha matibabu njiani walishuka kutoka 16 katika 100 hadi nusu ya mmoja. Mzee wangu, hapo hamna mashine ya ajabu. Pale mtu alikaa akajiuliza mama huyu leo atarudije kwao, na kesho atakuja na nini.

Nesi Temeke

Nakazia hapo kwenye maambukizi, maana watu wakisikia mtoto kafa wodi ya kansa wanadhani kansa imemuua. Wengine hufa kwa homa.

Baada ya kemo, seli nyeupe za damu hushuka mno kwa siku kadhaa. Ukimpima mtoto wakati huo unakuta kinga karibu sifuri. Bakteria ambaye mtoto mwingine hata hamsumbui, huyu anaweza kumwondoa usiku mmoja. Tunachowaambia kina mama: homa ikifika 38, usimpe panadol ukasubiri asubuhi. Njoo. Antibayotiki ya mshipa inatakiwa iingie ndani ya saa moja.

Sasa mama anakaa Chanika ndani ndani, saa 8 usiku, mvua, bodaboda wanaogopa njia. Ulaya yule mtoto angekuwa na gari la wagonjwa. Hiyo saa moja ndiyo inayotofautisha nchi na nchi, na huwezi kuiona kwenye jedwali lolote.

Damu nayo. Mtoto wa kemo anahitaji kuongezewa damu na chembe sahani (zile zinazogandisha damu) mara kwa mara. Wakuu, changieni damu. Ramadhani na likizo za shule benki zinakauka.

Binti Kigamboni

Nimejifunza mengi. Kama shida ni kuchelewa kugundulika, kwa nini serikali isipime watoto wote nchi nzima, kama tunavyofanya chanjo?

Mwalimu wa Hesabu

Dada, wazo hilo lilishajaribiwa, na matokeo yake yanafundisha sana kuhusu namna asilimia inavyoweza kudanganya bila mtu yeyote kudanganya.

Japani katikati ya miaka ya 1980 walianza kupima mkojo wa watoto wachanga wa miezi 6 nchi nzima, wakitafuta kansa ya neva iitwayo neuroblastoma. Wagonjwa waliogundulika wakaongezeka sana, na asilimia ya wanaonusurika ikapanda vizuri. Ukitazama namba hiyo tu, utasema wameshinda. Lakini watafiti wa Kanada na Ujerumani walipofuatilia watoto wao waliopimwa vivyo hivyo, majibu yao ya mwaka 2002 yalionyesha vifo havikupungua. Uvimbe mwingi uliogundulika ulikuwa wa aina ambayo ingeyeyuka yenyewe. Watoto ambao wasingeugua kamwe walipasuliwa na kupewa kemo, kisha wakahesabiwa kuwa wamenusurika. Japani wakasitisha mpango ule mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Kwa hiyo asilimia ya kunusurika ikipanda, tazama na vifo. Vyote viwili vikienda pamoja ndiyo uamini. Kuna mtego mwingine wa kulinganisha asilimia: nchi mbili zinaweza kusema "kansa ya figo hatua ya pili" zikimaanisha vitu tofauti. Mwaka 2014 wataalamu walikutana Toronto wakakubaliana namna moja ya kuandika hatua ya ugonjwa kwenye rejesta, ili mtu akilinganisha nchi ajue kama tofauti inatokana na kuchelewa au inatokana na matibabu yenyewe.

Lakini usielewe kwamba kuwahi hakuna maana. Kumpima kila mtoto mzima ni jambo moja, na kumwahisha mtoto mwenye dalili ni jingine kabisa. Chukua kansa ya jicho, retinoblastoma. Utafiti uliochapishwa 2020 ulikusanya watoto zaidi ya 4,300 kutoka nchi 153, wote waligundulika mwaka 2017. Katika nchi tajiri umri wa katikati wa kugundulika ulikuwa miezi 14. Katika nchi maskini ulikuwa miezi 30 na nusu. Hiyo miezi 16 ya katikati mtoto yupo nyumbani na jicho linaonekana. Matokeo yake: waliokutwa kansa imeshasambaa mwilini nchi tajiri walikuwa 3 katika 1,000, nchi maskini karibu 190 katika 1,000.

Na dalili yenyewe mama anaiona kabla ya daktari yeyote. Ukimpiga mtoto picha kwa simu yenye mwanga wa flashi, mboni ya kawaida hutoka nyekundu au nyeusi. Yenye uvimbe hutoka nyeupe. Wakati mwingine jicho linaanza kupishana na mwenzake. Watu wanasema atakua litanyooka. Usisubiri. Mpeleke kwa madaktari wa macho: Muhimbili, CCBRT, na kwa walio kaskazini KCMC.

Kariakoo Kwetu

Mwalimu umesema familia yenu imepita wodini. Kama si vibaya, tueleze ilikuwaje, huenda kuna mtu yupo hapo mlipokuwa.

Mwalimu wa Hesabu

Si vibaya. Ni mtoto wa dada yangu. Alianza na jino kulegea, taya likavimba upande mmoja. Zahanati moja waling'oa jino. Jingine la pembeni likalegea, likang'olewa nalo. Uvimbe ukawa unapanda kuelekea jichoni, na ulikua kiasi kwamba ukilala ukaamka unaona tofauti. Kituo cha pili daktari kijana alilishika lile taya, akanyamaza, akaandika rufaa ya Muhimbili palepale, akasema nendeni leo. Namwombea mpaka kesho.

Walichukua kinyama, wakathibitisha ni Burkitt, kemo ikaanza. Sasa sikilizeni sehemu inayofuata maana ndiyo inayoua watoto. Ndani ya wiki moja lile taya lilishuka. Mtoto akaanza kula ugali. Ndugu waliokuja kumtazama wakasema huyu kapona, mnangoja nini, mnakaa kuharibu pesa. Babu yake Lindi akapiga simu kila siku anataka mjukuu arudishwe. Mtoto mwenyewe nywele zimenyonyoka, mdomo una vidonda, anatapika, na anachokiona ni kwamba dawa ndiyo inamuumiza. Macho yote ya ukoo yanaona uvimbe umeisha. Seli zilizobaki hakuna anayeziona.

Dada alikuwa na daftari la shule la kurasa 40. Upande mmoja wa ukurasa anaandika joto la mtoto asubuhi na jioni, upande wa pili tarehe ya dripu na jina la dawa kama alivyolisikia kwa nesi. Kwenye jalada kaandika namba ya wodi. Wazee walipombana alilifungua lile daftari akawaonyesha mistari iliyobaki mitupu, akasema hii ikijaa ndipo nitaondoka. Hakuongeza neno. Wakamwacha.

Kijana sasa yuko shule ya msingi na ananisumbua kwa mpira.

Mama wa Mbagala

Nimesoma yote nikashindwa kunyamaza. Wangu alikuwa na kansa ya figo. Tulianza vizuri, tumbo likapungua. Nyumbani nilikuwa na wengine watatu na baba yao alishaondoka. Bosi akaniambia nikikosa tena siku nisirudi. Nikasema nikusanye pesa kidogo kwanza halafu tutaendelea. Tuliporudi ilikuwa imeenda kwenye mapafu. Mwanangu hayupo. Kila mtu ananiambia ningeendelea angepona.

Mwalimu wa Hesabu

Mama, pole sana. Mungu amrehemu mtoto na akutie nguvu.

Ninachotaka kukuambia nakisema kama mtu anayesoma hizi namba kila siku. Kuacha matibabu, yaani kutoonekana kwa wiki 4 au zaidi bila sababu ya kitabibu, kunahesabiwa na wataalamu kama tatizo la mfumo, si kosa la mama mbaya. Hospitali kadhaa za Afrika, zikiongozwa na wenzetu wa Malawi, ziliungana kutibu kansa ya figo, hiyohiyo ya mwanao, kwa utaratibu mmoja. Walirahisisha mpango wa dawa na wakazisaidia familia gharama za nauli na matibabu. Walioacha njiani walikuwa 23 katika 100, wakashuka hadi 12. Waliomaliza matibabu wakiwa hai bila ugonjwa walikuwa 52 katika 100, wakafika karibu 69. Akina mama walikuwa walewale, wenye mapenzi yaleyale kwa watoto wao. Kilichoongezeka ni nauli, na mtu wa kuwapigia simu wasipoonekana.

Katika nchi tajiri kansa hii wanapona zaidi ya 90 katika 100. Kule mara nyingi mama anapewa likizo kazini na kazi yake inamsubiri. Wewe hukupewa. Wanaokuambia "ungeendelea" wangekuja kukaa na wale watatu.

Nesi Temeke

Mama wa Mbagala pole sana dada yangu. Hukumwacha mwanao.

Kwa wengine wanaosoma: kabla ya kuondoka wodini, mwambie nesi au afisa ustawi wa jamii ukweli wako wote. Sema sina nauli, sema kazini wananifukuza, sema mume hataki. Matibabu ya kansa kwa watoto Muhimbili ni bure, na kwa wanaotoka mbali ipo nyumba ya kufikia. Wengi wanaondoka kimya kwa aibu, sisi tunabaki tunapiga simu haiiti.

Mzee wa Kimara

Nimekuelewa mwalimu. Sasa lengo letu liwe ngapi?

Mwalimu wa Hesabu

Hoja nzuri, mzee wangu. Shirika la Afya Duniani pamoja na St. Jude waliweka lengo mwaka 2018: ifikapo 2030, angalau watoto 60 katika 100 wanusurike, duniani kote. Wakachagua kansa sita za kuanzia, zikiwemo saratani ya damu niliyoitaja, Burkitt, kansa ya jicho na ya figo, kwa sababu zinatibika na zipo kila nchi.

Kwa maoni yangu Tanzania ikitangaza imefika 60, tuulize mara moja: 60 katika watoto gani? Kwa kiwango cha kawaida cha dunia, watoto wapatao 140 katika kila milioni moja wa chini ya miaka 15 hugundulika na kansa kila mwaka. Weka watoto milioni 25, unapata kama 3,500 kwa mwaka nchini kwetu. Kila mwaka hospitali zetu zitangaze zimewaona wangapi katika hao, ndipo zitangaze wamepona wangapi. Ningefurahi zaidi kuona waliofika wameongezeka maradufu hata kama asilimia ya kupona imeshuka kidogo, kwa kuwa wataanza kufika na wale wa vijijini waliochelewa, ambao zamani walikuwa wanafia nyumbani. Mwandishi wa habari asiyejua atapiga kichwa cha habari kwamba hali imekuwa mbaya. Itakuwa imekuwa nzuri.

Binti Kigamboni

Mwalimu, baada ya kusoma ile ya jicho nimepekua picha za birthday ya mtoto wa jirani. Jicho la kushoto limetoka jeupe kwenye picha mbili, la kulia jekundu. Ana mwaka na nusu. Nimwambieje mama yake bila kumtisha?

Mwalimu wa Hesabu

Dada, mwonyeshe hizo picha mbili leo hii. Mwambie tu jicho hili linatakiwa kuangaliwa na daktari wa macho, usitaje kansa, maana yapo magonjwa mengine yanayotoa weupe huo na daktari ndiye atakayesema ni lipi. Kesho asubuhi nenda naye CCBRT, mbebe na simu yenye zile picha. Wakimwambia arudi mwezi ujao, omba daktari azione picha mwenyewe kabla hamjaondoka. Na kama nauli inasumbua nitumie ujumbe pembeni.